Boti ya kuvua kilindini na kubeba aila: Pima haya kabla ya kutoa pesa

WAHENGA walinena kuwa maji usiyoyafika hujui wingi wake. Usemi huu unamfaa kila anayewazia kununua boti ya kuvutwa kwa gari, ili Jumamosi avuke mwamba kutafuta nguru na jodari, na Jumapili awachukue mwenzake na watoto kuogelea katika maji matulivu ya hori la Kilifi au Mtwapa.

Matakwa hayo mawili huvutana. Mvuvi hutaka uwanja mpana wa kusimama, matangi makubwa ya mafuta na chombo kisichoogopa mawimbi. Aila nayo hutaka kivuli, viti, mahali pa faragha pa kujisaidia na ngazi ya kupandia kutoka majini. Anayenunua kwa kutazama rangi na bei hujikuta na chombo kinachomfaa mmoja na kumwudhi mwingine, au, vibaya zaidi, kinachowahatarisha wote.

Kwa hivyo, jambo la kwanza la kuchunguza si boti bali bahari yenyewe. Sehemu kubwa ya pwani yetu imekingwa na mwamba wa matumbawe. Ndani ya mwamba, maji huwa shwari na karibu boti yoyote hutosha. Nje yake ni Bahari Hindi. Msimu wa kaskazi, takriban Novemba hadi Machi, ndio unaopendwa na wavuvi wa sulisuli katika Malindi na Watamu. Kusi huanza kuvuma mnamo Aprili, na kati ya Juni na Agosti hata manahodha wazoefu huchagua siku za kutoka.

Mahali pa hatari kuu ni mlango wa mwamba. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3, na maji yote hayo hutoka kupitia milango michache. Mkondo unaotoka ukikabiliana na mawimbi yanayoingia, mawimbi husimama wima na kuvunjika. Boti yoyote unayoonyeshwa, jiulize: Je, hii itaniingiza salama mlangoni saa kumi jioni, upepo umekaza, nami nina watoto wawili ndani?

UMBO LA CHINI

Jibu la swali hilo huanzia chini ya chombo. Boti yenye tumbo bapa hutulia inapoegeshwa na huhitaji injini ndogo, lakini hupigwa na mawimbi kama ngoma. Boti yenye tumbo la umbo la herufi V hukata wimbi badala ya kulipiga. Umbo la V lenye kina, kuanzia omo hadi tezi, lilipata sifa mwaka wa 1960 pale boti iliyobuniwa na Mmarekani Ray Hunt, chini ya nahodha Dick Bertram, iliposhinda mashindano ya Miami hadi Nassau katika bahari iliyochafuka.

Hata hivyo, kila sifa ina gharama yake. Kadiri V inavyozidi kuwa kali, ndivyo boti inavyoyumba inaposimama, na huko kuyumba ndiko kunakowatapisha watoto mvuvi anapongojea samaki. Kwa matumizi ya pande mbili, pembe ya wastani ya nyuzi 18 hadi 21 kwenye tezi huwa suluhu nzuri. Boti za matumbo mawili yaliyounganishwa hutulia zaidi, lakini nyingi huhitaji injini mbili, na bei hupanda.

Kuhusu ukubwa, urefu wa mita 6 hadi 7 ndio unaofaa zaidi. Chini ya mita 5.5, nafasi ya kwenda nje ya mwamba na watu wanne hupungua mno. Zaidi ya mita 7, uzito na upana hufanya kukokota kuwa adha. Nchi nyingi huweka kikomo cha upana wa kinachovutwa barabarani kuwa kati ya mita 2.5 na 2.6, na boti nyingi za trela huundwa kwa kuzingatia kipimo hicho.

MPANGILIO WA NDANI

Boti yenye usukani katikati humpendeza mvuvi kwa kuwa anaweza kumfuata samaki pande zote bila kizuizi. Walakini, jua la pwani halina huruma, na mtoto hana pa kujificha. Ile yenye viti vya wazi kwenye omo ni nzuri ziwani na horini, lakini wimbi moja likiingia mbele mlangoni mwa mwamba, chombo huzidiwa. Kwa aila inayotoka nje, yenye kijumba kidogo mbele na njia ya kupita kandoni ndiyo hutosheleza wengi: mtoto hulala ndani, choo kidogo cha kubebeka hupata pahali, na nyuma hubaki uwanja wa mishipi.

Aidha, simama ndani ya boti na uangalie kingo zake. Zifike mapajani mwa mtu mzima. Zikiishia magotini, mtoto ataanguka. Sakafu iwe juu ya usawa wa maji na yenye matundu yanayotoa maji yenyewe. Muulize muuzaji iwapo pana povu au vyumba vya hewa vya kukifanya chombo kielee hata kikijaa maji. Asipokuwa na jibu la wazi, nenda kwingine.

UZITO BARABARANI

Wanunuzi wengi hukosea hapa. Uzito unaoandikwa katika matangazo mara nyingi ni wa bodi tupu. Tuchukue mfano wa boti ya faiba ya mita 6.5 yenye bodi ya kilo 1,100. Injini ya nguvu-farasi 150 huongeza takriban kilo 220. Petroli lita 200 ni kilo 150 hivi. Nanga, barafu, maji na vifaa huweza kufika kilo 250, na trela yenyewe kilo 500. Jumla ni kilo 2,220, yaani maradufu ya ile namba iliyokuvutia.

Uzito huo unahitaji gari lenye nguvu na fremu imara, pamoja na trela yenye breki zake. Soma kitabu cha gari lako kabla ya kusoma bei ya boti. Takriban asilimia 10 ya uzito inapaswa kulalia ndoano ya gari. Ikipungua mno, trela huanza kuyumba kwa kasi, na gari huweza kupinduka. Boti ya alumini huwa nyepesi kuliko ya faiba, lakini hurukaruka zaidi baharini, na huliwa na chumvi pale metali tofauti zinapogusana.

Barabara ya Nairobi hadi Mombasa ni karibu kilomita 480, na matuta si haba. Chagua trela iliyopakwa zinki dhidi ya kutu. Ukifika ufukweni, ngoja vikombe vya magurudumu vipoe kabla ya kuvitumbukiza majini, kwani chuma chenye joto kikipoa ghafla hufyonza maji ya chumvi hadi kwenye beringi. Baada ya kila safari, osha kila kitu kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Usumbufu huo una faida yake. Boti inayolala uani haigandwi na mwani wala viumbe wa baharini, na haihitaji kupakwa dawa chini jinsi majahazi yalivyopakwa deheni. Isitoshe, chombo kilekile huweza kupelekwa Ziwa Naivasha au Ziwa Viktoria.

INJINI NA MAFUTA

Nje ya mwamba, injini moja haitoshi. Ama ufunge mbili zinazolingana, ama uwe na kubwa moja na ndogo ya akiba inayoweza kukurudisha polepole. Kuhusu mafuta, manahodha hufuata kanuni ya theluthi: moja ya kwenda, moja ya kurudi, na ya tatu haiguswi. Injini ya nguvu-farasi 150 katika mwendo wa kawaida hutumia takriban lita 30 kwa saa. Tangi la lita 200 basi hukupa lita 133 za safari, yaani saa nne na nusu hivi za mwendo huo. Pima umbali wa samaki wako kwa hesabu hiyo.

Vifaa vya uokoaji visiwe jambo la baadaye. Kila abiria awe na jaketi ya kuokolea maisha inayomtosha. Jaketi ya mtu mzima humteleza mtoto na kubaki ikielea peke yake. Ongeza redio ya VHF, ambayo idhaa yake ya 16 ndiyo ya dharura, miale ya ishara, pampu ya maji, na nanga yenye mnyororo na kamba ndefu. Simu ya mkononi pekee si tegemeo, kwani mbali na ufuo mawimbi yake hupotea.

Kisheria, Mamlaka ya Safari za Baharini Nchini (KMA) hukagua vyombo vidogo na kuvipa leseni, nayo Huduma ya Uvuvi husimamia leseni za uvuvi. Kumbuka pia kuwa uvuvi umepigwa marufuku katika mbuga za baharini kama zile za Malindi na Watamu, zilizotengwa mwaka wa 1968. Humo aila inaweza kuogelea na kutazama samaki, lakini mishipi ibaki imekunjwa.

Mwisho, usinunue boti ambayo hujaijaribu baharini. Mwombe muuzaji mtoke siku yenye upepo wa wastani, mkiwa na idadi ileile ya watu utakaowabeba. Ielekeze omo kwenye mawimbi, kisha yaache yakupige ubavuni, kisha zima injini na mkae dakika 20 mkiyumba. Usimtazame muuzaji wakati huo. Watazame wanao. Wakiomba kurudishwa ufuoni, boti hiyo itakuwa ya mvuvi peke yake, hata ikiwa bei yake ni nafuu kiasi gani. Wakiuliza mtatoka tena lini, hapo sasa mnaweza kuketi na muuzaji na kuzungumza bei.