Mausi ya Mashoto

Mausi yangu ya kwanza ya wima ilifika Kiboriloni kwa basi kutoka Kariakoo, imefungwa vizuri ndani ya boksi la viatu, na ilikuwa ya mkono wa kulia. Nilikuwa nimemwandikia muuzaji "ya kushoto" mara mbili. Nilipompigia simu akanijibu kwa upole kabisa, "Dada, si unaigeuza tu?" Nikaigeuza. Vibonyezo vikaangukia kwenye kidole gumba, na vidole vinne vilivyobaki vikawa vinapapasa plastiki tupu. Nikairudisha kwenye boksi lake la viatu, nauli ya kuirudisha Dar nikalipa mimi.

Tukubaliane kwanza kuhusu jina. Vitabuni kifaa hiki kinaitwa kipanya, na wapo wanaosema puku, lakini kwenye steshenari ninayofanya kazi ukisema "nipe puku" watu watakuangalia. Kwa hiyo nitasema mausi. Mausi ya wima ni ile iliyosimama kwa ubavu. Badala ya kulaza kiganja juu yake kama unafunika sufuria, unaishika kama unampa mtu mkono. Ubavu mmoja umechongwa kwa ajili ya vidole vinne na una vibonyezo, ubavu wa pili una kishimo cha kidole gumba. Ndiyo maana haigeuziki. Mausi nyingi za kawaida zina pande mbili zinazofanana na zinapokea mkono wowote, lakini hii ina mkono wake kama kiatu kilivyo na mguu wake.

Mimi napanga chumba Kiboriloni, upande wa barabara ya kwenda Himo. Jioni baada ya vipindi nachapa kazi za watu kwenye steshenari: barua za maombi, wasifu, proposali za wenzetu, na mwisho wa muhula walimu huleta karatasi za alama niziingize kwenye Excel. Nalipwa kwa ukurasa, na hela hiyo ndiyo kodi yangu, maana bumu tunajua wenyewe linavyoisha. Mwaka wa pili, msimu wa ripoti, mkono wa kulia ukaanza kuuma kuanzia kwenye kifundo mpaka karibu na kiwiko. Wiki ya tatu nikawa siwezi kukamua nguo.

Utauliza, mkono wa kulia tena? Si umesema wewe ni mashoto? Ndiyo. Naandika kwa kushoto, napiga mswaki kwa kushoto, namenya ndizi za mtori kwa kushoto. Lakini mausi nilifundishwa kwa kulia. Kwenye maabara ya kompyuta ya sekondari niliyosoma, mausi zote zilikaa kulia na waya zake zilifungwa kwa seloteipu hukohuko, na sikuona kama hilo ni jambo la kuuliza. Hata lugha yenyewe imeshapanga: mkono wa kulia ni wa kulia chakula. Bibi yangu wa Old Moshi ukimpa kikombe kwa kushoto hapokei. Utasimama nacho mpaka ubadilishe. Mtu aliyelelewa hivyo akikuta mausi iko kulia, anaishika kwa kulia na maisha yanaendelea.

Na mausi ilianza hukohuko kulia. Aliyeibuni ni Douglas Engelbart, akiwa taasisi ya utafiti ya Stanford, Marekani. Mwenzake Bill English ndiye aliyeunda ya kwanza mwaka 1964, kijisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili na kibonyezo kimoja. Tarehe 9 Desemba 1968 Engelbart aliionyesha hadharani San Francisco. Mkono wake wa kulia ulishika mausi, na wa kushoto ulikuwa kwenye kibao kidogo cha vibonyezo vitano cha kuandikia herufi. Yaani kwenye fikra zake kila mkono ulikuwa na kazi yake. Kile kibao hakikuenea, mausi ikaenea, na mkono wa kushoto ukabaki hauna kazi yake maalumu.

Sasa kuhusu maumivu. Kigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo, kina mifupa miwili. Inyoshe mkono mbele kama unamsalimia mtu: mifupa hiyo imelala sambamba. Sasa geuza kiganja kitazame chini, kama unavyoshika mausi ya kawaida. Mfupa wa upande wa kidole gumba umevuka juu ya mwenzake, na kuna misuli inayofanya kazi ya kuushikilia hapo. Kwa dakika tano si kitu. Kwa saa nne za kuchapa proposali ya mtu mwingine, misuli hiyo haijapumzika hata mara moja. Ongeza na kifundo chenyewe, ambacho kwenye mausi ya kawaida huwa kimekunjwa kwa juu kidogo, na kama meza ni ndefu kuliko kiti, kimekunjwa zaidi. Mausi ya wima inachofanya ni kuurudisha mkono karibu na ule mkao wa salamu. Si lazima isimame wima kabisa. Zile za Logitech, kwa mfano, zimeinama kwa nyuzi 57.

Hapa niseme kitu ambacho wauzaji hawasemi. Ndani ya kifundo kuna njia nyembamba ambamo hupita kano tisa na neva moja kubwa inayohudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Neva hiyo ikibanwa, vidole hivyo hufa ganzi, mara nyingi usiku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofanywa kwa watu wenye tatizo hilo, ulikuta kwamba mausi ya wima ilibadilisha mkao wa kifundo lakini haikupunguza mgandamizo ndani ya njia ile. Kwa hiyo kama unaamka usiku unakung'uta mkono kwa ganzi, usinunue mausi, nenda hospitali. Mimi nilikwenda. Yangu haikuwa neva, ilikuwa misuli na kano zilizochoka. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akaniuliza swali ambalo nilistahili kujiuliza mwenyewe: "Unaandika kwa mkono upi?" Nikamwambia kushoto. Akaniuliza, "Sasa huu wa kulia unauonea nini?"

Kumbe mkono usio wako huwa unakaza. Jiangalie ukijaribu kuandika kwa mkono ambao hujauzoea: kalamu inabanwa kama inataka kutoroka. Miaka yote ile nilikuwa naiminya mausi.

Nikahamia kushoto kwanza kwa mausi ileile ya steshenari, bure kabisa, na maumivu yakapungua kiasi. Mtu akianzia hapo hajakosea, na huenda asihitaji kununua chochote. Kuna faida nyingine ambayo sikuitegemea. Kibodi ndefu ina kitalu cha namba upande wa kulia. Mtumiaji wa mkono wa kulia hulazimika kuipeleka mausi nje ya kitalu hicho, mkono unatanuka mbali na mwili, bega linachoka. Kushoto hakuna kitalu, mausi inakaa jirani na wewe. Na kwenye zile alama za walimu, kulia kunapiga namba wakati kushoto kunachagua visanduku. Naingiza alama za darasa zima kabla chai haijapoa, na safari hii ni wanaotumia kulia ndio waliokosea njia.

Lakini kuhama kulizua ugomvi wa vibonyezo. Mausi ya kawaida ikishikwa kwa kushoto, kidole cha shahada hukutana na kibonyezo cha kulia, kile cha kufungua menyu. Unaweza kubadilisha kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya mausi, ukachagua kibonyezo kikuu kiwe cha kulia. Tatizo ni kwamba ukibadilisha hapo umeibadilishia kompyuta, si mausi tu. Nikiondoka, mama mwenye steshenari akikaa, kila akibonyeza faili linamfungukia menyu. Siku ya kwanza alidhani ni virusi, akataka kumwita fundi. Siku ya pili alijua ni mimi. "Wewe mashoto, rudisha mashine yangu!" Nikawa narudisha kila jioni, nikisahau nasikia jina langu mpaka kwa wauza mitumba.

Hapo ndipo nikaamua kununua ya wima, ya kushoto ya kweli, nikaanza na ile hasara ya boksi la viatu. Ya pili niliagiza kwa macho, si kwa maneno. Kanuni yake ni hii: iwazie iko mezani, mbele yake inaelekea skrini kama unavyoitumia. Vibonyezo vikiwa ubavu wa kushoto na kishimo cha gumba ubavu wa kulia, hiyo ni yako. Mwombe muuzaji picha aliyopiga mwenyewe, ya kutoka juu. Na uwe na subira, maana za kushoto ni chache kuliko za kulia. Logitech walitoa MX Vertical mwaka 2018 kwa mkono wa kulia tu. Mashoto walifikiriwa kwenye ile inayoitwa Lift, mwaka 2022. Evoluent, kampuni nyingine ya Marekani, walikuwa na ya kushoto kabla ya hapo. Yangu si ya jina kubwa kama hayo, ni ya waya, na bado ilinitoka kama mara nne ya bei ya mausi ya kawaida. Angalia pia ukubwa wa mkono wako: ikiwa kubwa mno utakuwa unaikumbatia badala ya kuishika, na hapo umerudi kwenye kukaza.

Wiki ya kwanza nilijuta. Kwenye mausi ya kawaida unabonyeza kwenda chini, na meza inakusaidia kuizuia. Kwenye ya wima unabonyeza kwa ubavu, kwa hiyo ukibonyeza kwa nguvu mausi yenyewe inasogea na mshale unatoka kwenye kitu ulichokilenga. Dawa ni kubonyeza kwa wepesi huku gumba likiegemea upande wa pili. Halafu ni ndefu. Ukitoka kwenye kibodi kwa haraka unaigonga inaanguka. Na usiiendeshe kwa kukunja kifundo kama ulivyozoea, iendeshe kwa mkono mzima kuanzia kwenye kiwiko. Kwa kazi ndogondogo kama kukata picha ya pasipoti ilinichukua karibu mwezi. Mkono wa kulia ulikuwa umeshaacha kuuma kabla ya hapo, ila sitasema ni mausi peke yake: nilipunguza pia kazi za usiku, na mama mwenye duka alinikatia miguu ya meza sentimita kadhaa.

Mwaka huohuo nikaenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Shule niliyopangiwa ilikuwa na maabara ndogo, wanafunzi watatu kwa kompyuta moja. Kulikuwa na kijana wa kidato cha kwanza aliyekuwa anapitisha mkono wa kushoto mbele ya kifua chake kuifuata mausi iliyokuwa kulia, bega limepinda, uso karibu ugonge skrini. Mwalimu wa zamu alikuwa ameshamwandika kuwa mzito wa kuelewa. Watu wa mkono wa kushoto ni takribani mmoja kati ya kumi, kwa hiyo kwenye mkondo wa wanafunzi arobaini na tano unategemea wanne au watano. Nilikata seloteipu, nikahamishia mausi kushoto kwake, waya ukafika vizuri tu. Nikamwonyesha jinsi ya kubadilisha vibonyezo na, muhimu zaidi, jinsi ya kuvirudisha kwa ajili ya mwenzake. Ilichukua dakika mbili. Kipindi kilichofuata nikakuta mausi imerudishwa kulia na seloteipu mpya. Nikaikata tena. Tulikwenda hivyo, mimi na mtu ambaye sikumjua, kwa wiki sita, na ripoti yangu ya mazoezi haikuwa na sehemu ya kuandika jambo hilo.

Kule steshenari ugomvi uliisha kwa namna ambayo ningeijua mapema ningeokoa kelele nyingi. Mausi yangu ya wima imetengenezwa kiwandani ili kidole cha shahada cha kushoto kiwe ndicho kibonyezo kikuu, kwa hiyo Windows haiguswi. Nyingi za kushoto ziko hivyo. Ukizibadilishia tena kwenye mipangilio unajirudisha ulikotoka, kwa hiyo ichomeke kwanza ujaribu. Na kompyuta inakubali mausi mbili kwa wakati mmoja. Ya mama iko kulia, yangu iko kushoto, zote zimechomekwa, kila mmoja anakuta vibonyezo vyake. Shida iliyobaki ni pale anapotaka kunionyesha kosa kwenye kazi ya mteja. Anashika yake wakati mimi sijaachia yangu, mshale unakwenda kulia, unarudi kushoto, na mteja aliyesimama dirishani anauliza kama mashine ni nzima.