Si maharagwe, ni moto unaokausha kibeti Kawangware

WAHENGA walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Katika mtaa wa Kawangware, magharibi mwa jiji la Nairobi, methali hiyo aghalabu hutimia kwa upande wa muuzaji.

Mkazi anayelipwa ujira wa kibarua kila siku hununua unga, sukari, mafuta ya kupikia na makaa kwa vipimo vidogo vidogo, mtindo unaofahamika kama 'kadogo'. Hana budi, kwani hana fedha za kununua mfuko mzima. Lakini vipimo hivyo vikijumlishwa mwishoni mwa mwezi, huwa amelipa zaidi ya jirani aliyenunua kwa jumla.

Miongoni mwa bidhaa hizo, inayostahili kuchunguzwa kwanza ni makaa. Familia nyingi huyaepuka maharagwe si kwa sababu ya bei yake, bali kwa kuwa mkebe mmoja wa makaa huisha kabla hayajaiva. Watoto basi hulazwa kwa ugali na sukumawiki, siku nenda siku rudi. Mboga hiyo, iliyopewa jina kwa kuwasaidia watu kuisukuma wiki, ina manufaa mengi mwilini, ila haina protini ya kutosha kumkuza mtoto.

Githeri ingeziba pengo hilo kwa gharama ndogo. Protini ya mahindi ina upungufu ambao maharagwe huufidia, na ya maharagwe ina upungufu unaofidiwa na mahindi. Vikiliwa pamoja, mwili hunufaika karibu sawa na aliyekula nyama.

KWA NINI HUCHELEWA KUIVA

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo, maji huchemka yakiwa na joto la takriban nyuzi 94, ilhali Mombasa huchemka yakifika nyuzi 100. Ndiyo sababu maharagwe yale yale huchukua muda mrefu zaidi Kawangware kuliko Likoni.

Kuchochea moto hakusaidii. Maji yakishachemka hayazidi joto hilo, hata jiko liwe jekundu namna gani. Yatakauka tu, na makaa yataungua bure.

Njia ya kwanza ya kuokoa makaa ni kuloweka maharagwe usiku kucha, kumwaga maji hayo, kisha kuyachemsha katika maji mapya huku sufuria ikiwa imefunikwa. Ya pili ni kutumia jiko lenye udongo wa kufinyanga ndani, aina iliyoanza kuenea nchini miaka ya 1980. Udongo huhifadhi joto ambalo jiko la bati tupu hulipoteza ubavuni.

Ya tatu ni kikapu. Kikapu kikubwa hujazwa vitambaa au sweta kuukuu pande zote, pakaachwa nafasi ya sufuria katikati. Maharagwe yaliyolowekwa huchemshwa kwa nguvu kwa nusu saa, kisha sufuria hutumbukizwa humo ikitokota na kufunikwa kwa mto mzito. Baada ya saa nne au tano huwa yameiva, au yamebakisha moto kidogo tu.

Hatua ya kuchemsha kwanza isirukwe. Maharagwe mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayosababisha kutapika na kuhara, nayo huondolewa na mchemko mkali pekee. Chakula kikitolewa kikapuni, kichemshwe tena kabla ya kuliwa.

HADHARI

Wapo wanaotia magadi ili maharagwe yalainike upesi. Magadi huokoa makaa, lakini huharibu baadhi ya vitamini. Hatari kubwa zaidi ni kuliacha jiko la makaa likiwaka ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Aidha, kununua githeri iliyochemshwa na mama wa kando ya barabara si uvivu. Moto wake mmoja huwapikia watu wengi, na kila mnunuzi hulipia sehemu ndogo tu ya makaa. Vivyo hivyo, majirani watano wakichanga na kununua gunia moja la makaa au la maharagwe, kisha wakagawana kwa gorogoro, huikwepa bei ya kadogo.

Hata hivyo, ubahili wa jikoni una kikomo. Mwaka 2018 serikali ilianza kutoza Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuzuia uchanganyaji wa mafuta. Julai 2021 gesi ya kupikia ikaanza kutozwa ushuru wa VAT wa asilimia 16, uliopunguzwa mwaka 2022 na kuondolewa Julai 2023. Maamuzi kama hayo huamua, kuliko ujuzi wa mpishi yeyote, iwapo mtoto wa Kawangware atakula maharagwe usiku wa leo.