Kuliamkia Gari: Maneno na Matunzo ya Motakaa Katika Nchi ya Makwale

Katika nchi ya Makwale, na ukingo wote wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, mtu akikutana na mwenzake asubuhi humwamkia kwa neno la Kinyakyusa, "ugonile". Na akiwa amemkuta mkubwa wake, au watu wengi pamoja, husema "mugonile". Shina la neno hilo ni "gona", yaani kulala. Basi ni kama kumwuliza mtu usiku wake ulikuwaje. Wala salamu hiyo si ya kupita tu. Aulizwaye hupata nafasi ya kusema kwamba mtoto ameshikwa na homa, au kwamba ng'ombe amevunja zizi. Twaanza kwa salamu hii kwa sababu tumeona ya kuwa magari mengi ya huku huharibika yakiwa yamesimama, usiku, na mwenye gari huja asubuhi akatia ufunguo bila kuuliza neno.

Lugha yetu yenyewe hulihesabu gari kuwa kiumbe chenye uhai. Twasema kwamba gari linakula mafuta, linakunywa oili, linakohoa, limegoma; na betri ikikosa nguvu, twasema imekufa. Neno "gari" lenyewe lilitoka Bara Hindi, nalo hapo kwanza lilikuwa gari la kukokotwa na wanyama. Ndiyo sababu wazee walisema "motakaa" walipotaka kulitenga na gari la ng'ombe na gari la moshi. "Usukani" ni neno la mabaharia, wala halikuhitaji kubadilishwa. Na "taniboi", jina la msaidizi wa dereva wa lori, husemwa kwamba latokana na Kiingereza, kwa kuwa kazi ya kijana huyo ilikuwa kuizungusha injini kwa chuma mpaka iwake. Chuma kile kilivunja mikono ya watu wengi, maana injini iliweza kurudi nyuma kwa nguvu. Mwaka 1912 magari ya Cadillac ya Marekani yalitiwa mota ya umeme ya kuwasha injini, iliyobuniwa na Charles Kettering, na tangu hapo mikono ya mataniboi ilianza kupata raha.

Maneno haya ya uhai yana faida. Wanyakyusa ni wafugaji tangu kale, na zamani ng'ombe walilala nyumba moja na wenyewe. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita nchi hii mwaka 1879, alisifu sana usafi wa nyumba na viwanja alivyoviona. Mchunga ng'ombe ajuaye kazi yake hawatoi wanyama kabla ya kuwatazama macho, kwato na mavi. Lakini hapa ndipo lugha inapotudanganya. Ng'ombe mgonjwa hulia, au huacha kula, akajulikana. Gari halilii mpaka ugonjwa umekwisha kufika mbali. Basi lazima tulitafute jambo mahali pake, moja moja.

Kwanza, tazama chini ya gari, nawe uiname kweli. Kuku hulala hapo, na watoto hucheza hapo kwa ajili ya kivuli. Kisha uitazame ardhi. Maji matupu yaliyodondoka yaweza kuwa mvua tu; maji yenye rangi ya kijani au nyekundu ni dawa ya rejeta; doa jeusi la utelezi ni oili; na unyevu mwepesi wa utelezi karibu na gurudumu waweza kuwa mafuta ya breki, na gari la namna hiyo lisiondoke kabisa. Halafu fungua boneti. Huku kwetu, penye maghala ya mpunga, panya hupenda joto la injini, tena hutafuna nyaya. Tumewahi kukuta kiota kizima cha makapi juu ya betri. Chomoa kijiti cha kupimia oili, gari likiwa mahali palipo sawa na injini imepoa. Kifute, kirudishe, kichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikizidi alama ya juu haifai pia, wala si akiba. Ikiwa ya rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa, maji yameingia ndani, na injini isiwashwe.

Maji ya rejeta hutazamwa injini ikiwa baridi. Neno "kunywa" limewaunguza watu wengi katika jambo hili. Mtu huona gari limechemka njiani, akasema, "Lina kiu," akakimbilia kufungua kifuniko ili alinyweshe. Lakini ndani ya rejeta maji yamebanwa, na maji yaliyobanwa hupita joto la nyuzi 100 bila kuchemka. Kifuniko kikifunguliwa mbano hutoka, na maji yale hugeuka mvuke mara moja, yakaruka usoni. Mmoja wetu angali ana kovu toka kiganja hata kiwiko kwa ajili ya huruma hiyo. Zima injini, fungua boneti, ukae kivulini nusu saa au zaidi; kisha funika kifuniko kwa kitambaa kinene, ukizungushe kidogo, ungoje mvuke utoke, ndipo ukiondoe. Wala usimimine maji baridi katika injini yenye moto, maana silinda hedi yaweza kupasuka, na gharama yake si ndogo.

Sasa kuwasha. Gari lisiwashwe ndani ya banda lililofungwa. Moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huua mtu kama jiko la mkaa linavyoua katika chumba kilichofungwa. Harufu ya moshi mwenyewe isikufanye uamini kwamba pua yako itakuonya. Vuta breki ya mkono, weka gia huru (au alama ya P kwa gari lisilo na klachi), zima taa na redio. Gari la dizeli lina taa ndogo ya umbo la waya uliosokotwa. Ungoje izimike kwanza. Kisha zungusha ufunguo, wala usiushikilie zaidi ya sekunde 10. Isipowaka, pumzika kidogo, ujaribu tena. Anayeushikilia ufunguo kwa hasira huunguza stata na kuimaliza betri kwa pamoja. Injini ikiwaka, taa nyekundu ya oili lazima izimike upesi. Isipozimika, zima injini. Desturi ya "kuipasha moto" robo saa nzima ilifaa magari ya kabureta. Kwa magari ya siku hizi dakika moja yatosha, kisha uende polepole katika maili ya kwanza.

Hapa yatupasa kukiri kosa letu. Mwaka mmoja, katika masika, tuliamshwa usiku na watu waliomleta mama mwenye uchungu wa kuzaa, mtoto akiwa amekaa vibaya. Gari la usharika lilikuwa chini ya mwembe. Tulipozungusha ufunguo hatukusikia ila mlio mdogo, kama wa kucha juu ya bati. Vijana walitoka vitandani wakalisukuma katika tope, wawili wakaanguka, na mara ya tatu likawaka. Mtoto alizaliwa mzima. Lakini saa nzima ilipotea, na mama alilala hospitali siku nyingi. Asubuhi tulifungua boneti tukakuta vichwa vya betri vimefunikwa na unga mweupe wenye rangi ya kijani. Unga ule ulikuwapo wiki nyingi. Betri yenyewe haikuwa imekufa hata kidogo. Ilikuwa imezibwa mdomo.

Dawa yake imo jikoni. Zima injini, legeza kwanza waya wa hasi, wenye alama ya kutoa, kisha wa chanya. Yeyusha magadi katika maji ya vuguvugu, usugue unga ule kwa mswaki wa zamani, wala usiache maji yaingie katika matundu ya betri. Magadi hushindana na tindikali, nawe utaona povu. Povu likikoma, suuza, kausha, rudisha chanya kwanza na hasi mwisho, ukaze, kisha upake grisi. Ni kazi ya robo saa, na yafaa kufanywa kila miezi michache. Betri ikiwa na uwezo wa kupimwa, ijae iwe na volti 12.6 hivi injini ikiwa imezimwa, na injini ikiwaka ipande mpaka 14 au zaidi kidogo. Isipopanda, betri haina kosa, chaji haifiki.

Na ikiwa ni lazima kuazima nguvu kwa gari jingine, utaratibu wa nyaya usibadilishwe. Magari yasigusane, na yote mawili yazimwe. Waya mwekundu ufungwe chanya ya betri dhaifu, kisha chanya ya betri nzima. Waya mweusi ufungwe hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho ifungwe katika chuma kisicho na rangi cha injini ya gari gonjwa, mbali na betri. Sababu ni hii: betri hutoa hewa ishikayo moto, na cheche ya mwisho isitokee karibu nayo. Kwa sababu hiyo hiyo usilete kibatari wala sigara. Washa gari zima, ungoje dakika chache, ndipo uwashe la pili. Kisha ondoa nyaya kwa kuanzia ile ya mwisho. Ama kusukuma, kwafaa gari lenye klachi tu: ufunguo uwe umefunguliwa, gia ya pili, klachi imekanyagwa, na gari likishika mwendo klachi iachwe. Gari lisilo na klachi hata kijiji kizima kikilisukuma halitawaka.

Tuje katika kuosha. Watu wengi huliteremsha gari mtoni Mbaka, wakaliosha magurudumu yakiwa majini. Tena walimu wengine huwatuma wanafunzi. Sisi hatuoni vema hata kidogo. Maji ya ziwa na mito iliyo karibu nalo yana kichocho. Oili na grisi huenda kwa watu wachotao maji chini. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 toka kingo za maji kuwa mahali pa kuhifadhiwa. Ndoo mbili nyumbani zatosha: moja ya sabuni, moja ya kusuuzia kitambaa. Tope limwagiwe maji kwanza mpaka lilegee, kwa maana anayelifuta kavu husugua rangi kwa mchanga. Gari lipoe kwanza. Sabuni ya unga ya kufulia ni kali mno kwa rangi. Lakini uzuri wa juu si kitu kikubwa. Kutu huanzia chini, penye tope lililoshikamana nyuma ya magurudumu, na katika matundu madogo yaliyo chini ya milango, ambayo yakizibwa mlango huwa mtungi wa maji. Rejeta hujaa makapi ya mpunga na mbegu za majani. Isafishwe kwa maji mapole toka upande wa injini kwenda mbele, maana ukipiga toka mbele wayashindilia ndani. Na aliyebeba usipa atoe mikeka yote, aoshe sakafu, aache milango wazi juani mpaka pakauke. Katika unyevu wa Kyela viti hushika ukungu upesi.

Mvua ya nchi hii huweza kupita milimita 2000 kwa mwaka, na mwezi wa Aprili mashamba ya mpunga na barabara huwa kitu kimoja. Usiingie maji usiyoyajua kina. Atangulie mtu kwa fimbo, na yakienda kwa nguvu, rudi. Injini ikizimika ndani ya maji, usiiwashe. Hewa ndani ya silinda hukubali kubanwa, maji hayakubali. Ukilazimisha, mikono ya pistoni hupinda, na ukarabati waweza kupita thamani ya gari lenyewe. Livutwe nje, fundi atoe plagi na kuyakausha yote. Ukivuka salama, kanyaga breki kidogo kidogo ukienda polepole mpaka zikauke, kwa maana breki zenye maji hazishiki.

Breki zina adui mwingine, nao ni mteremko. Toka Tukuyu, iliyo juu kiasi cha mita 1500, twashuka mpaka ziwani, mita 475 hivi. Dereva ashukaye huku amekanyaga breki muda wote huzitia moto mpaka mafuta yake yachemke, na kanyagio likazama bila kushika. Shuka kwa gia ndogo, injini yenyewe ilishike gari, na breki zikanyagwe kwa nguvu mara moja moja na kuachwa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na yakiisha kunyonya huchemka mapema; basi yabadilishwe kila miaka 2, hata yakionekana safi.

Gari litakalokaa wiki mbili au zaidi lisiachwe chini ya mwembe wala penye bonde. Lipandishwe mahali pa juu, magurudumu yawekewe mawe, waya wa hasi ufunguliwe, na karatasi ya kueleza hivyo ifungwe kwenye usukani, asije mwingine usiku akadhani betri imekufa.