Lambo: Udongo Hulijenga, Udongo Huliua

Je, wajua kwamba katika nyanda kame za Afrika Mashariki jua huweza kunywa takriban mita mbili za kina cha maji kwa mwaka mmoja? Bwawa pana lenye maji ya kufika kiunoni litakauka kabla ya masika mengine, hata asipokunywa ng'ombe yeyote. Bwawa dogo lenye kina cha mita nne huweza kuvuka kiangazi na samaki wake wakiwa hai. Ndiyo maana mchimba lambo mzoefu hutafuta kina kwanza, upana baadaye.

Lambo ni ukuta wa udongo uliokinga kijito cha msimu, au shimo lililochimbwa bondeni kudaka maji ya mvua. Halina saruji nyingi wala mashine, lakini lina kanuni zake. Chini ya ukuta huchimbwa mtaro hadi kwenye udongo mgumu, kisha hujazwa udongo wa mfinyanzi ili maji yasipenye chini kwa chini. Ukuta wenyewe hupandishwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka likinyunyiziwa maji na kushindiliwa kabla ya jingine kuwekwa. Nyasi huoteshwa juu yake, miti hukatazwa: mti ukifa, mizizi huoza na kuacha vijia vya maji ndani ya ukuta.

Ukuta wa udongo huvuja kidogo, na mvujo wenyewe hutoa habari. Maji yanayochuruzika nyuma ya ukuta yakiwa maangavu, hakuna haraka. Yakianza kutoka na tope, ujue ukuta unaliwa kutoka ndani na kila saa ina thamani. Hatari nyingine kubwa ni mafuriko kupita juu ya ukuta, kwani maji yanayofurika huumega udongo ukutani hadi ukatike. Kwa hiyo pembeni huachwa njia pana ya kupitishia maji ya ziada, iliyo chini kuliko kichwa cha ukuta.

Sakafu nayo ina mafundi wake. Ng'ombe, nyati na tembo wanapoingia kunywa na kugaagaa, kwato na nyayo zao hukanda tope mpaka matundu ya udongo yazibe, na bwawa huvuja kidogo zaidi. Wanyama wanaoyamaliza maji ndio hao hao wanaosaidia kuyahifadhi. Lakini wakiachiwa kukanyaga ukuta, huumomonyoa. Wafugaji makini huwatengenezea njia ya kunywea upande mmoja, au hutoa maji kwa bomba hadi kwenye birika nje ya uzio.

Samaki hufikaje? Wengi hupandikizwa na watu, hasa perege. Dume huchimba kiota cha duara kwenye sakafu laini, jike hutaga humo, kisha huyachukua mayai na kuyaatamia kinywani. Uzazi huo hufanikiwa mno: bwawa dogo hujaa vijiperege visivyokua, kwa kuwa chakula hakiwatoshi wote. Dawa yake ya kawaida ni kumtia kambare, ambaye hula watoto wa perege. Kambare ana kiungo cha pekee juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa, hivyo hustahimili maji machafu na huweza kujikokota usiku kwenye ardhi yenye majimaji kutoka dimbwi moja hadi jingine.

Ndege nao hubebeshwa shehena. Mwaka 2020 watafiti nchini Hungaria walichapisha jaribio ambamo waliwalisha bata mayai ya samaki yapatayo 8,000. Kumi na manane yalitoka kwenye kinyesi yakiwa mazima, na machache yakaanguliwa. Ni kiasi kidogo, ila bata ni wengi na miaka ni mingi.

Wapo pia samaki wasiohitaji kuletwa: visamaki vya jenasi ya Nothobranchius, wakazi wa madimbwi ya mvua. Mmoja wao, Nothobranchius guentheri, asili yake ni Unguja peke yake. Dimbwi likikauka wakubwa wote hufa, lakini mayai hubaki hai ndani ya udongo mpaka mvua irudi. Nothobranchius furzeri wa Zimbabwe na Msumbiji huweza kupevuka siku 14 tu baada ya kuanguliwa. Kwa hiyo kabla ya kumwaga perege au kambare kwenye dimbwi la asili, chunguza kwanza waliomo, maana wageni hao huwamaliza wenyeji.

Udongo huo huo unaolea mayai na kuzuia maji ndio unaoliua lambo. Mwaka 1952, miaka minne baada ya Hifadhi ya Tsavo kuanzishwa nchini Kenya, Mto Voi ulikingwa ukuta, likazaliwa Bwawa la Aruba kwa ajili ya wanyamapori. Likawa kimbilio la tembo, nyati na ndege wa majini. Kila furiko, hata hivyo, lilileta shehena yake ya tope. Sakafu ikapanda, kina kikapungua, na leo kiangazi kikikaza Aruba hukauka kabisa.

Umri wa lambo basi huamuliwa upande wa juu wa kijito, mbali na ukuta. Mkulima akilima hadi ukingoni, au mifugo ikimaliza nyasi za mteremko, mvua moja kubwa huleta tope ambalo lingehitaji wiki nyingi za majembe kulitoa. Ukanda wa nyasi kando ya kijito na shimo dogo la kunasa mchanga mlangoni mwa bwawa hupunguza mzigo huo. Na lambo likikauka, hicho ndicho kipindi cha kuvua samaki waliobaki na kuzoa tope. Tope hilo lina rutuba, lipelekwe shambani, lilikotoka.