Mikono Inapogeuka Sindano: Blanketi Nene na Afya ya Mfumaji

Kwa mgonjwa wa baridi yabisi, vidole hukakamaa asubuhi, pengine kwa zaidi ya saa nzima, na sindano ya kufumia, nyembamba na inayodai kubanwa muda wote kati ya kidole gumba na cha shahada, huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuwekwa kando. Wengi huona kwamba ufumaji wenyewe umewashinda. Kilichowashinda ni sindano.

Ipo namna ya kufuma isiyohitaji sindano hata moja. Uzi wake ni mnene, wakati mwingine wa kufikia unene wa kidole gumba, na mikono ya mfumaji ndiyo inayobeba vitanzi. Vitanzi 10 hadi 15 hupandishwa kwenye mkono wa kulia. Kisha uzi huvutwa kupitia kitanzi kilicho karibu na kiganja, kitanzi hicho huvuliwa, na kipya kilichozaliwa huvishwa mkono wa kushoto. Vitanzi vyote vikishahama, safu moja imekamilika. Safu inayofuata hurudi kulia. Vidole havibani kitu kwa nguvu: kazi kubwa hufanywa na viwiko na mabega. Aliyezoea huweza kumaliza blanketi dogo kwa saa chache, na kwa mtu aliyekaa miezi bila kukamilisha chochote kwa mikono yake, hilo si jambo dogo.

Ufumaji si mgeni hospitalini. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, askari majeruhi walipewa kazi za kufuma na kusuka ili mikono irudi kufanya kazi na fikra zipate pa kutulia. Nchini Marekani, chama cha kitaifa cha tiba kwa vitendo kiliundwa mwaka 1917 huko Clifton Springs, New York. Hapa Tanzania wataalamu wa fani hiyo hufundishwa KCMC, mjini Moshi, mji ambao mwezi Julai blanketi halihitaji kutetewa.

Hata hivyo, mkono uliogeuzwa sindano hauwezi kuwekwa mezani kama sindano. Umefungwa ndani ya kazi, na hapo ndipo mhudumu wa afya anapaswa kuuliza maswali kabla ya kumsifia mgonjwa.

Swali la kwanza ni kwa anayesafishwa damu kwa sababu ya figo. Mkono wenye mshipa ulioungwa kwa upasuaji kwa ajili ya mashine haupimwi shinikizo la damu, hautolewi damu ya vipimo, wala hauvalishwi saa inayobana. Mkono huohuo hauwezi kuvishwa vitanzi 15 vya uzi mzito: damu ikipungua mwendo, mshipa huweza kuziba, na mgonjwa akapoteza njia yake ya kutibiwa. Aliyeondolewa tezi za kwapani kutokana na saratani ya matiti naye hushauriwa kuepuka vitu vinavyoubana mkono wa upande huo. Kwa aliyepata kiharusi, bega lililolegea huweza kuvutwa chini na uzito. Na mwenye kisukari aliyepungukiwa hisia mikononi huenda asitambue kwamba kitanzi kimemkaza.

Wote hao hawahitaji kunyimwa blanketi. Vitanzi vilevile hulazwa juu ya meza, vikapangwa kwa mstari, na mfumaji akavuta uzi kwa kiganja bila kuuvisha mkono wowote. Kitambaa hutoka kilekile. Ni ajabu kwamba njia hii ya meza, iliyo salama zaidi, ndiyo isiyosifiwa sana. Pengine kwa sababu haina mvuto wa kutazamwa.

Anayetumia mikono naye apumzike kila baada ya safu chache. Fimbo ya ufagio ni msaada mzuri: vitanzi huhamishiwa kwenye fimbo, mikono ikawa huru kunywa dawa au kwenda msalani, kisha vikarudishwa. Ganzi vidoleni, au mkono kubadilika rangi, ni ishara ya kuvua vitanzi mara moja.

Uzi nao una mambo yake. Sufu isiyosokotwa ni laini na ya kupendeza, lakini ikifuliwa kwa maji ya moto na kusuguliwa husinyaa ikawa ngumu. Nguo za hospitali huhitaji joto kali, kwa mfano nyuzi 71 za Selsiasi kwa angalau dakika 3, ili viini vife. Blanketi la sufu, kwa hiyo, ni la nyumbani, si la kupokezana wodini. Fulana za pamba za mitumba, zikikatwa vipande virefu na kuunganishwa, hutoa uzi mnene unaofulika na usio ghali.

Zawadi ya blanketi hilo kwa mtoto mchanga ndiyo inayohitaji tahadhari kubwa zaidi. Uzito wake na matundu yake makubwa havifai kitandani kwa mtoto aliye chini ya miezi 12, kwa kuwa pumzi yaweza kuzibwa. Tena nyuzi zinazochomoka huweza kujizungusha kidoleni mwake na kuzuia damu. Mtoto njiti hupata joto kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, kwa njia ya kangaruu. Mama aketipo hivyo kwa saa nyingi, blanketi lifunike miguu yake yeye.