Mozart kwa likembe: misa ya wafu yatungwa upya Ubelgiji

Mozart alipofariki dunia mjini Vienna, tarehe 5 Desemba 1791, aliacha misa yake ya wafu haijakamilika. Zaidi ya karne mbili baadaye, mtunzi wa Kibelgiji Fabrizio Cassol aliivunja misa hiyo na kuiunda upya kwa ajili ya wanamuziki 14, wengi wao kutoka Afrika, wakiwemo wapiga likembe watatu wa Kongo.

Kazi hiyo, iitwayo Requiem pour L., ilioneshwa kwa mara ya kwanza mjini Berlin mwezi Januari 2018, chini ya Alain Platel wa kundi la les ballets C de la B la mjini Ghent. Aliyewaongoza wanamuziki jukwaani ni mpiga gitaa wa Kinshasa, Rodriguez Vangama.

Kutunga upya kazi za kale si jambo geni barani Ulaya. Mwaka 1968 Luciano Berio wa Italia aliichukua sehemu ya tatu ya Simfoni ya Pili ya Mahler na kumwaga juu yake vipande vya watunzi wengine. Max Richter naye, mwaka 2012, aliitupa sehemu kubwa ya Misimu Minne ya Vivaldi na kujenga upya kwa kile kilichosalia. Huku si kubadilisha ala tu huku noti zikibaki zilezile. Ni kubomoa nyumba na kujenga nyingine kwa matofali yaleyale.

Kwa Cassol ugumu ulianzia kwenye ala zenyewe. Likembe, jamaa ya ilimba ya Wagogo wa Tanzania, ina vichane vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Fidla inaweza kuivuta noti moja muda mrefu; sauti ya likembe hufifia mara tu inapopigwa. Kwa hiyo sauti ndefu ya Mozart haina budi kugawanywa katika mizunguko mifupi inayojirudia, na mara mdundo, uliokuwa mtumishi wa wimbo, huwa nguzo yake. Wanaolalamika kwamba Mozart haguswi wasisahau kuwa misa hiyo tayari ilikamilishwa na mkono mwingine, wa Franz Xaver Süssmayr.

Cassol na Platel walikwishashirikiana na Wakongo hapo awali. Katika Coup Fatal ya mwaka 2014, Serge Kakudji wa Lubumbashi aliimba nyimbo za karne za 17 na 18 kwa sauti yake nyembamba ya juu, mbele ya pazia la maganda ya risasi lililotengenezwa na mchongaji Freddy Tsimba.

Swali zito ni la umiliki. Katika jiji la Brussels, ambako lugha za Kongo husikika kuanzia mtaa wa Matonge hadi soko la machinjioni la Anderlecht, swali hilo lina historia. Mwaka 1958 wavulana na walimu wa Kamina, Katanga, walizuru Ubelgiji wakiimba Missa Luba, misa ya Kilatini kwa mahadhi ya Kikongo. Mengi waliyabuni wao wenyewe papo kwa papo, lakini jina lililovuma ni la padri Guido Haazen. Miaka 60 baadaye Vangama anatajwa kuwa kiongozi wa wanamuziki, ilhali utunzi bado umeandikwa kwa jina la Mbelgiji. Ni hatua, ingawa si ndefu.

Hata hivyo, kilichowagawa watazamaji zaidi ni filamu iliyo nyuma ya jukwaa: mwanamke, L., akikata roho taratibu kitandani. Yeye na jamaa zake waliridhia apigwe picha. Baadhi ya Wazungu waliona ni kumvunjia heshima. Wanamuziki humgeukia, wakamwimbia na kumchezea ngoma, kama matanga yafanywavyo Kinshasa, ambako maiti hasindikizwi kwa kimya.