Moshi hadi Kighare: Fedha za mwanafunzi huishia Mwanga

Mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Moshi anayekwenda Kighare, katika Milima ya Upare Kaskazini, hupiga kwanza hesabu ya basi. Hiyo ndiyo hesabu nyepesi.

Mwaka 2023 Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) ilipanga kikomo cha nauli ya basi la daraja la kawaida kuwa Sh48.47 kwa kilomita, na la daraja la kati Sh67.84. Moshi hadi Mwanga ni takriban kilomita 50 za lami, hivyo kwa kikomo hicho basi la kawaida liligharimu kama Sh2,500.

Kazi huanzia Mwanga. Barabara ya Usangi huiacha njia kuu na kupanda kwa kona nyingi kupitia Kikweni. Magari ya abiria ni machache, na huondoka yakijaa. Anayechelewa hubakiwa na bodaboda au nyumba ya wageni. Bodaboda ni bei ya kupatana, na giza likiingia mwenye haraka hana nguvu ya kupatana.

Kwa anayeishi kwa mkopo wa serikali, ambao kuanzia mwaka wa masomo 2022/23 ulimpa Sh10,000 kwa siku kwa chakula na malazi, usiku mmoja Mwanga waweza kumeza posho ya siku mbili.

Nafuu ni kuondoka Moshi kabla ya adhuhuri, na kumwomba mwenyeji ampigie simu dereva amshikie kiti. Kurudi nako ni asubuhi. Kwenda na kurudi siku hiyohiyo ni kubahatisha.